Kilichouondoa Mtama Morogoro si Ukame

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita chini ya milima ya Uluguru mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kwamba mtama ndio uliokuwa tegemeo la chakula kwenye njia ya misafara. Leo ugali wa Morogoro ni wa mahindi, na wengi hudhani mahindi yalishinda kwa ubora wake tu. Sera nazo ziliyabeba. Miaka ya 1970 Serikali iliyanunua kwa bei moja nchi nzima, na Mradi wa Taifa wa Mahindi ukayapatia mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 bei ya mtama nayo ilipandishwa. Wakulima waliitikia, hadi maghala ya Shirika la Taifa la Usagishaji yakajaa mtama usio na wanunuzi, kwa kuwa walaji wa mijini walikwisha kuzoea sembe. Mkulima hakuukataa mtama, alikosa soko.

Wapo wanaosema mahindi huzaa zaidi. Ni kweli, mvua ikiwa nzuri. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, mkulima huvuna magunzi matupu, ilhali mtama hukunja majani, husimama kukua, kisha huendelea mvua ikirudi. Kuhusu lishe, tanini ya mtama mwekundu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, lakini kukoboa, kuotesha na kuchachusha huipunguza. Kiduha, gugu linaloshambulia mtama, nacho kimepata jibu: kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa, kilitoa mbegu za Wahi na Hakika mwaka 2002, zinazokistahimili. Hoja nzito zaidi ni kwelea kwelea na kazi ya kinu. Watoto waliokuwa wakiamia ndege sasa wako shuleni, ndiko wanakostahili kuwa, na akina mama wana haki ya kukwepa mchi.

Kwa hiyo kuhubiri ukame hakutoshi, na amri haifai kabisa. Matuta ya ngazi yaliyolazimishwa na wakoloni Uluguru yalikufa mwaka 1955 baada ya wananchi kuyapinga hadharani. Mtama urudi kwenye nyanda kavu kama Gairo, si kwenye miteremko yenye mvua nyingi, na urudi kwa mashine za kukoboa vijijini, upandaji wa pamoja ili ndege wasimalize shamba la mtu mmoja, na mnunuzi anayetaja bei kabla ya kupanda. Uji wa shuleni ungekuwa soko la kwanza la uhakika.