Umbali baina ya Kosa na Kudhihiri Kwake

Katika kazi zote za utengenezaji wa programu za kompyuta, ni chache zilizodai subira ya wanadamu kama kazi ya kusaka kasoro za kumbukumbu ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Kwa sababu kiini ndicho kilichokabidhiwa amana ya kumbukumbu yote ya mashine, kikaipimia kila programu fungu lake, kikalipokea fungu hilo lirudishwapo, na kulitoa tena kwa mwenye haja nalo, na kinapokosea katika kupima au katika kupokea, hakuna hakimu aliye juu yake wa kulizuia kosa hilo.

Kosa lililo zito zaidi la jinsi hii ni pale sehemu moja ya kiini inapoendelea kuandika katika kipande cha kumbukumbu ambacho imekwisha kukirudisha. Mfano wake ni mtu aliyeuza shamba, kisha kwa kusahau akaendelea kupanda humo usiku, hata mnunuzi akakuta mihogo katikati ya mpunga wake asimjue aliyeipanda. Mashine haifi saa ile ya kosa, bali hufa baadaye, pengine baada ya siku kadha wa kadha, mikononi mwa sehemu nyingine isiyo na taksiri yoyote. Umbali huo baina ya kosa na kudhihiri kwake ndio adui wa kweli wa mafundi hawa, na tarikhi ya ufundi wao, kwa maoni yangu, ni tarikhi ya jitihada za kuufupisha.

Asili ya mzigo huu yaweza kutafutwa katika mji wa Manchester, Uingereza, ambako mwaka 1962 kompyuta iliyoitwa Atlas ilizinduliwa. Tom Kilburn na wenzake walikusudia kumwondolea mwandishi wa programu adha ya kuhamisha habari kwa mkono wake baina ya kumbukumbu ya ndani, iliyokuwa na maneno 16,384, na pipa la sumaku lililokuwa na nafasi kubwa zaidi. Wakaigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512 kila moja, na mashine yenyewe ikapewa kazi ya kuzipeleka na kuzirudisha. Raha ya mwandishi wa programu ikawa mashaka ya msimamizi, maana hesabu ya ukurasa gani uko wapi, na ni mali ya nani, iliangukia sehemu moja ambayo haikuruhusiwa kukosea.

Ken Thompson na Dennis Ritchie, walipoanza kuujenga mfumo wa Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, walikuwa wametoka katika mradi mkubwa wa Multics, ambao sehemu kubwa ya msimbo wake ilikuwa ni ya kujinusuru na makosa. Wao walichagua njia nyingine: kiini kikigundua kwamba hesabu zake hazipatani, huita utaratibu uitwao panic, na mashine husimama papo hapo. Wako waliouona uamuzi huu kuwa ni upungufu, lakini mimi nauona kuwa na busara kubwa, kwa kuwa kiini kiendeleacho na kazi baada ya kumbukumbu yake kuharibika kinaweza kuyapeleka maharibiko hayo hata katika diski, na kuyadumisha. Mashine ikisha kusimama, nakala ya kumbukumbu yote ilihifadhiwa, na fundi akaketi kuisoma tarakimu kwa tarakimu, akirudi nyuma kutoka maiti kuelekea kwa muuaji ambaye aghalabu alikuwa amekwisha kuondoka.

Hatua kubwa ya kuufupisha umbali ule ilipigwa mwaka 1994, Jeff Bonwick wa Sun Microsystems alipoeleza kigawaji kipya cha kumbukumbu kilichotiwa katika mfumo wa Solaris 2.4. Kipande kilichorudishwa kiliweza kujazwa namba ambayo, kwa hesabu ya msingi wa 16, husomeka deadbeef, na kabla ya kutolewa tena kilikaguliwa: namba ile ikiwa imebadilika, basi kuna aliyeandika pasipo haki. Kilichotolewa kilijazwa baddcafe, ili anayekitumia kabla ya kuweka kitu chake humo ajulikane. Fauka ya hayo, kigawaji kiliweza kuandika daftari la nani alichukua, nani alirudisha, na saa ngapi. Naistahi sana kazi hii, kwani ilikifanya kitendo cha kufuta kiache ushahidi.

Katika mfumo wa Linux, mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alipinga mwaka 2000 kutiwa chombo cha kukichungulia kiini kikiwa kazini, akishikilia kwamba chombo hicho huwazoeza watu kutibu dalili badala ya kufikiri. Chombo cha namna hiyo, kgdb, hakikuingia mpaka mwaka 2008. Kilichobadili mambo hasa ni kikaguzi cha kumbukumbu kiitwacho KASAN, cha mwaka 2015, ambamo kila baiti 8 za kumbukumbu hupewa baiti 1 ya kivuli inayoeleza kama zinaruhusiwa kuguswa, na kila mguso hupimwa kwanza. Yamkini mtu wa zama za Unix ya awali angestaajabu kuona taarifa moja ikimtajia mahali kipande kilipochukuliwa, mahali kiliporudishwa, na mahali kilipoguswa kwa haramu, vyote saa ile ile ya kosa.

Walakini liko kosa ambalo vivuli hivi havilioni. Mwaka 2016 mtafiti wa usalama wa kompyuta, Phil Oester, alinasa, katika rekodi za mawasiliano ya seva, programu iliyojipatia mamlaka yote ya mashine kwa hitilafu iliyokuja kuitwa Dirty COW. Mchakato mmoja uliomba kuandika katika faili ambalo uliruhusiwa kulisoma tu, na kiini, kama ipasavyo, kikautengenezea nakala yake. Lakini nakala hiyo ikitupwa na uzi mwingine katika nukta ile ile, kiini kilirudi na kuandika katika asili. Hapakuwa na kipande kilichoguswa baada ya kurudishwa, bali mambo mawili halali yaliyokutana vibaya. Torvalds mwenyewe aliandika katika sahihisho lake kwamba alijaribu kuliziba tundu hilo miaka 11 nyuma, dawa ile ikaondolewa kwa kuwa ilileta matatizo katika kompyuta za s390, na kwamba mgongano uliokuwa wa nadharia tu wakati ule ulikuwa umerahisika kutokea kadiri usimamizi wa kumbukumbu ulivyopanuka. Hata sahihisho hilo la 2016 halikukamilika: mwaka uliofuata watafiti walioupitia msimbo wake walibaini kwamba katika kurasa kubwa alama ya kuandikwa iliweza kuwekwa juu ya ukurasa ambao haujanakiliwa, na kiini kikauamini.