Mpangaji na Sikio la Hakimu

Katika mwezi wa Aprili 1966, wapangaji wa majumba ya Clifton Terrace, mjini Washington, walishitakiwa na mwenye nyumba wao kwa kutolipa kodi ya mwezi huo, naye akaiomba mahakama iwatoe. Wao hawakulikana deni, ila waliomba kuleta ushahidi wa makosa yapatayo 1,500 ya kanuni za nyumba yaliyozuka tangu walipopanga, na mahakama ikakataa kuupokea, kwa kuwa sheria iliyorithiwa iliuliza neno moja tu: kodi imelipwa, au haikulipwa?

Asili ya sheria hiyo ni Uingereza ya zama za kale, ambako aliyekodi alikodi ardhi ya kulima, na kibanda kilichosimama juu yake kilikuwa kama nyongeza. Mkulima yule alijua kuezeka paa lake, basi deni la kodi lilisimama peke yake, na ahadi ya mwenye ardhi, kama ilikuwako, ilidaiwa katika shauri jingine. Lakini kumtwisha sharti hilo mtu akaaye ghorofani, asiye na mamlaka juu ya mabomba wala nyaya zilizomo ukutani, ni dhuluma iliyovishwa joho la sheria.

Msomaji wa pwani aliyekaa darsani na kitabu cha fiqhi cha Minhaj atastaajabu, maana katika fiqhi ya Imamu Shafii ijara, yaani kukodi, ni kununua manfaa: nyumba ikibomoka mkataba huvunjika, na ikihitaji matengenezo, mwenyewe asipofanya haraka, mpangaji hupata hiari ya kuuvunja.

Tukirudi Washington, rufani ya kwanza haikuwafaa wapangaji kitu. Hata tarehe 7 Mei 1970, Jaji J. Skelly Wright, katika mahakama iliyo juu zaidi, akaitengua hukumu: mpangaji wa mjini, alisema, hatafuti ardhi, hutafuta makazi yenye joto, mwanga, maji na milango ifungikayo, kwa hiyo ndani ya mkataba wake imo ahadi, ijapokuwa haikuandikwa, kwamba nyumba itakalika kwa kipimo cha kanuni za mji, na ahadi hiyo na kodi zimefungamana. Shauri likarudishwa, ushahidi usikilizwe.

Mlango huo haukufunguka kila mahali. Mnamo Februari 1972 wapangaji wa Portland, Oregon, ambao nyumba yao ofisi ya majengo ya mji ilikwisha kuitangaza kuwa haifai kukaliwa, waliambiwa na Mahakama ya Juu ya Marekani kwamba Katiba hailizuii jimbo kuliweka dai la matengenezo nje ya shauri la kumtoa mtu nyumbani. Walipaswa kulidai, kama mkulima wa kale, katika shauri jingine.