Makavazi na turathi za Embu na Meru: Mwongozo wa mzuru anayepitia Karurumo

Karurumo, soko la wakulima katika eneobunge la Runyenjes, Kaunti ya Embu, si mahali pa kutafuta jumba la makavazi, au makumbusho kama wasemavyo majirani wa Tanzania. Turathi za sehemu hii hazikuwekwa ndani ya kabati za vioo. Zimo katika maporomoko ya maji, vilima na vichaka vya miti ya kale, na anayetaka jumba lenye kuta, vibao na tikiti ya kuingilia hana budi kuvuka mto Thuci na kufika mjini Meru.

Hata hivyo, aanzie nyumbani kwa Waembu. Masimulizi yao ya asili yanasema kwamba Mwenyezi Mungu, waliyemwita Ngai na pia Mwene Njeru, alimuumba Mwenendega na kumpa mke mrembo penye maporomoko ya Mbui Njeru, karibu na mji wa Runyenjes. Mke huyo aliitwa Ciurunji, na uzao wa wawili hao ndio uliozaa kabila zima. Kwa hivyo Mbui Njeru ni zaidi ya mandhari ya kupigia picha. Kwa Mwembu, hapo ndipo hadithi ya watu wake inapoanzia. Karibu na Runyenjes pia kipo kilima cha Kirimiri, chenye msitu unaojulikana kwa miti yake ya dawa.

Zamani palikuwa na vichaka vingi ambamo wazee waliomba mvua na kutoa sadaka. Haikuruhusiwa kukata mti humo, wala kuokota kuni. Mwiko huo ulilinda miti kuliko askari yeyote wa misitu, lakini ulitegemea imani. Wamishonari walipoipunguza imani hiyo, na ardhi ilipoanza kupimwa na kusajiliwa kwa majina ya watu binafsi katika miaka ya 1950, vichaka vingi vilibaki bila mlinzi. Vingine viligeuzwa mashamba. Jengo likibomoka huweza kujengwa upya, ila mti wa karne mbili ukiangushwa haurudi, na jina la mahali hubaki likielea bila kitu cha kuonyesha.

Ng'ambo ya Thuci ni Kaunti ya Tharaka-Nithi. Hapa wapiga ngoma wa Chuka wana sifa iliyovuka mipaka ya Kenya: kila mmoja huibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, akaipiga huku akicheza. Mbele kidogo ni Chogoria, kituo cha wamishonari wa Kiskoti kilichoanzishwa mwaka 1922, na mojawapo ya njia za kupandia Mlima Kenya, ambao uliingizwa katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Makavazi ya Meru yamo katikati ya mji, ndani ya nyumba ya mawe iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kuwa afisi ya mkuu wa wilaya. Mkuu wa kwanza wa wilaya hiyo alikuwa Mwingereza Edward Horne, ambaye wenyeji walimbandika jina la Kangangi. Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makavazi mwaka 1974, na inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Si kubwa, saa mbili zinatosha. Ndani mna zana za kazi, vyombo vya nyumbani, mavazi na wanyama waliokaushwa. Nje pana boma la Kimeru na bustani ya mimea ya dawa, na pengine bustani hiyo ndiyo sehemu inayofaa zaidi kumtembeza mtoto wa shule, kwa kuwa nyanya yake huenda bado anaitumia baadhi ya mimea hiyo.

Yapata kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara ya Maua, ni Nchiru, makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Kimeru. Baraza hili limesuluhisha migogoro ya ardhi na familia tangu kabla ya ukoloni, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize njia za kijadi za usuluhishi. Lakini mzuru asidhani kwamba wazee wamekuwa wakitiiwa daima. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wilayani Meru. Wasichana wengi waliasi wakajikeketa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wanawake kwa wanaume, walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Kisa hicho kinastahili kusimuliwa kwa kila mgeni anayefika Nchiru, kwani kinafunza mengi kuhusu mamlaka ya mila kuliko mkuki uliotundikwa ukutani.

Kisheria, Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya kihistoria kutangazwa kuwa turathi inayolindwa. Katiba nayo imezipa kaunti jukumu la makavazi na shughuli za kitamaduni, huku serikali ya kitaifa ikibaki na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kichaka kisichotangazwa, kilicho ndani ya shamba la mtu, hutegemea hiari ya mwenye shamba.

Matatu za kati ya Embu na Meru hurahisisha safari hii. Anayekwenda Nchiru hubadilisha gari mjini Meru. Makavazini, kiingilio cha raia hutofautiana na cha mgeni kutoka nje ya nchi. Nchiru na penye vichaka vya ibada, mzuru hupaswa kuomba ruhusa ya wazee kwanza, na kuuliza kabla ya kupiga picha. Asikate hata kijiti cha kutembelea.