Sheria na Mpiganaji: Judo, Karate na Mapigano ya Mseto tangu 1882

Ubishi juu ya sanaa za mapigano huendeshwa kana kwamba pande zake mbili zimekuwapo siku zote. Upande mmoja wamo walinzi wa sanaa za jadi za Asia, yaani judo, karate na nduguze, wanaodai kwamba ujuzi wao umerithiwa kwa wahenga, kwamba humjenga mtu mwili na tabia, na kwamba ungekuwa wa kuua lau usingezuiwa. Upande wa pili wamo wapenzi wa mapigano ya mseto, yaani yale yanayounganisha ngumi, mateke, mieleka na kukabana sakafuni. Hao hujibu kwamba ujuzi usiojaribiwa ni hadithi tu. Vijana wa vyuoni huchagua upande na kushikilia. Lakini anayefuata tarehe moja baada ya nyingine hugundua kwamba mpaka kati ya jadi na usasa haupo mahali unapodhaniwa. Sanaa nyingi ziitwazo za jadi hazina umri mkubwa, na ushindi wa kwanza wa mapigano ya mseto uliletwa na tawi la mojawapo ya hizo. Kilichozitenga ni sheria za mazoezi na za mashindano, kwa kuwa mwili hujifunza kile tu unachoruhusiwa kukirudia.

Jigoro Kano alizaliwa mwaka 1860, akakulia katika Japani iliyokuwa ikiuaga utaratibu wake wa kale. Tabaka la samurai lilipokonywa hadhi yake, na mwaka 1876 serikali ya Meiji ikapiga marufuku kubeba panga hadharani. Walimu wa jujutsu, sanaa ya kupambana bila silaha au kwa silaha fupi, walibaki na wanafunzi wachache na riziki haba. Kano, kijana mwenye umbo dogo aliyetaka kujikinga na waonevu shuleni, alisoma kwao. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua chuo chake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, ndani ya chumba cha mikeka 12. Sanaa yake akaiita judo.

Jambo alilolifanya Kano linastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndilo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Katika jujutsu ya zamani mbinu nyingi za hatari zilifundishwa kwa mpangilio uliokwisha kukubaliwa: mmoja ashambulie hivi, mwingine ajibu vile, bila ubishi. Haikuwezekana vinginevyo, kwani hakuna anayeweza kumtoboa mwenzake jicho kila jioni akabaki na mwenzi wa mazoezi. Kano alizitenga ngumi, mateke na mbinu za kuvunja viungo, akazihifadhi katika maigizo yaitwayo kata. Zile zilizobaki, yaani kuangusha, kubana chini, kukaba koo na kupinda kiwiko, akazifanya ziweze kutumika kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa kuangushwa. Aidha alisisitiza somo la kuanguka bila kuumia. Kwa kupunguza hatari alipata wingi wa majaribio. Mwanafunzi wake alikuwa na mbinu chache kuliko mwanafunzi wa jujutsu, lakini kila moja alikwisha kuijaribu mara elfu kwa mtu asiyetaka. Ni jambo la kushangaza kidogo: sanaa iliyojinyima makali ndiyo iliyozaa wapiganaji hodari zaidi.

Mwaka 1889, mbele ya chama cha elimu cha Japani, Kano alitaja makusudi matatu ya judo: kuukuza mwili, kushinda katika pambano, na kuilea tabia. Makusudi hayo matatu hayavutani daima upande mmoja, na historia ya karate ndiyo inayoonyesha hivyo.

Karate ilitoka Okinawa, ikiwa imechanganya mbinu za kienyeji na za Kichina. Mwaka 1901 Anko Itosu aliiingiza katika shule za msingi za kisiwa hicho. Darasa la watoto lina mahitaji yake: wengi kwa mwalimu mmoja, wapangwe mistari, wafuate amri, wasiumizane. Itosu alitunga mfuatano mwepesi wa hatua, Pinan, ambao hata leo ndio mlango wa mwanafunzi wa mitindo mingi. Mwaka 1922 Gichin Funakoshi aliipeleka karate Tokyo, na katika miaka ya 1930 maandishi ya jina lake yakabadilishwa, kutoka "mkono wa China" hadi "mkono mtupu". Basi picha ambayo wengi huiona kuwa ni ukale wenyewe, yaani mistari ya wanafunzi wenye mavazi meupe wakipiga hewa kwa sauti moja, ni kazi ya shule ya karne ya 20. Si haki kuilaumu kwa kutokufaa vitani, kwa sababu haikupangwa kwa ajili ya vita, bali kwa afya na nidhamu ya mtoto.

Mashindano yalipokuja, sheria ilimtaka mchezaji asimamishe pigo kabla halijaumiza. Matokeo yake yalionekana waziwazi tarehe 7 Agosti 2021, katika fainali ya uzito wa juu ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia, aliyekuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1, alimpiga teke la kichwa Sajad Ganjzadeh wa Iran hadi akazirai na kutolewa kwa machela. Hamedi aliondolewa kwa kosa la kupiga kwa nguvu, na dhahabu ikaenda kwa yule aliyeipata habari hiyo baada ya kuzinduka. Mashabiki wa mapigano ya mseto walicheka sana. Lakini waamuzi walifuata kanuni zao, na kanuni hizo zilikuwa zimewalea wachezaji wote wawili tangu utotoni.

Judo nayo ilikuwa imekwisha kusafiri. Mitsuyo Maeda, mwana wa Kodokan, aliondoka Japani mwaka 1904, akazunguka Marekani, Ulaya, Cuba na Meksiko akipigana na yeyote kwa malipo, akafika Brazili mwaka 1914 na hatimaye kukaa Belém, alikofariki mwaka 1941. Kwa Maeda na wanafunzi wake alijifunza Carlos Gracie, ambaye pamoja na nduguye Hélio waliikuza sehemu moja ya judo, kukabana sakafuni, wakaiita jiu-jitsu kama walivyoisikia. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio alikutana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyemzidi uzito kwa mbali. Katika raundi ya 2 Kimura aliupinda mkono wake nyuma. Hélio akakataa kusalimu amri, Carlos akalazimika kusimamisha pambano. Mbinu hiyo huitwa "kimura" hadi leo, hata na wajukuu wa walioshindwa. Ni nadra kwa ukoo kumpa mshindi wake heshima ya namna hiyo.

Wakati huo suala la mtindo upi unashinda mtindo upi liliwavuta hata mabondia. Muhammad Ali, yuleyule aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, alikwenda Tokyo tarehe 26 Juni 1976 kupambana na mpiga mieleka Antonio Inoki katika ukumbi wa Nippon Budokan. Watazamaji waliongoja jibu hawakulipata. Kwa sehemu kubwa ya raundi 15 Inoki alilala chali akimpiga Ali mateke ya miguuni, naye Ali akazunguka akimtukana ainuke. Ikawa sare, na Ali akarudi na miguu iliyovimba. Wengi waliliona kuwa mzaha. Hata hivyo pambano hilo lilionyesha kwamba kila mmoja alijua jambo moja tu, na kwamba mwenye akili hakubali kulifuata pambano mahali ambapo mwenzake ni bwana.

Hatua iliyofuata ilipigwa tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, nchini Marekani. Rorion, mwana wa Hélio, pamoja na mfanyabiashara Art Davie, waliwakusanya wapiganaji 8 wa mitindo mbalimbali ndani ya ulingo wa pembe nane uliozungushiwa wavu, bila kugawa uzito. Mmoja wao, bondia Art Jimmerson, aliingia na glavu moja mkononi. Royce Gracie, mdogo wake Rorion, kijana mwembamba wa kilo 80 hivi, aliwashinda watatu kwa jumla ya muda usiofika dakika 5. Ulimwengu wa karate na ndondi uliduwaa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hapana budi kukumbuka kwamba ukoo ulioshinda ndio uliokuwa na mkono katika kuandaa mtihani. Hata hivyo mtihani wenyewe ulikuwa wa kweli: waliofundishwa kusimama tu hawakuwa na neno la kusema walipoangushwa.

Ubora huo wa pekee haukudumu. Wapiga mieleka walijifunza kuzikwepa kabari. Wapiga mateke walijifunza kutoangushwa. Tarehe 1 Mei 2000, mjini Tokyo, Kazushi Sakuraba alimchosha Royce kwa dakika 90 hadi ndugu zake wakarusha taulo. Siasa pia iliingia: mwaka 1996 Seneta John McCain aliyafananisha mapigano hayo na kupiganisha majogoo, majimbo mengi yakayazuia. Yaliporudi, yalirudi na sheria zilizotungwa New Jersey mwaka 2000: madaraja ya uzito, glavu nyembamba, marufuku ya kupiga kisogo na ya kumpiga teke la kichwa aliyeanguka. Mapigano yaliyojinadi kuwa hayana sheria yakawa mchezo wenye sheria nyingi, kama judo ilivyokuwa mwaka 1882. Ndani yake jadi ikarejea: Lyoto Machida, mwana wa mwalimu wa karate, alitwaa ubingwa mwaka 2009, Ronda Rousey, mshindi wa medali ya shaba ya judo mjini Beijing mwaka 2008, alifungua mashindano ya wanawake mwaka 2013 kwa kiwiko kilichopindwa. Judo yenyewe, kwa wakati huohuo, ilikuwa ikijipunguza. Tangu mwaka 2010 ilianza kuzuia kumshika mpinzani miguu, na kizazi kipya cha wachezaji kinakua bila mbinu ambazo babu zao walizitegemea.

Je, anayetaka kujilinda afanye nini? Hapa pande zote mbili zina ahadi kubwa kuliko ushahidi wao. Ulingo una mpinzani mmoja asiye na silaha, sakafu laini na mwamuzi anayetazama. Barabarani kuna kisu, kuna mawe, kuna wenzake wa mshambuliaji; anayejilaza chini kumkaba mmoja huenda akakanyagwa na wa pili. Hoja hiyo ya watu wa jadi ni sahihi. Lakini haithibitishi kwamba mbinu yao, isiyojaribiwa kwa mtu anayekataa, itafanya kazi mahali pagumu zaidi. Mafunzo ya ngumi na mieleka humpa mtu angalau mazoea ya kugongwa na kuendelea kufikiri, na hilo halifundishiki kwa maigizo.

Kuna ushahidi mmoja ambao wabishi hawautaji mara nyingi. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walitoa matokeo ya jaribio lililowahusu wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Waliopewa mafunzo ya saa 12 walikuwa na hatari ya kubakwa ya asilimia 5.2 katika mwaka uliofuata, hali wenzao waliopewa vijitabu tu walikuwa na asilimia 9.8. Saa 12 hazimfanyi mtu bingwa wa kitu chochote. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilikuwa kuitambua hatari mapema, hasa inayotoka kwa mtu anayefahamika, kuishinda haya ya kumkatalia, na kutumia sauti. Kupiga na kujinasua vilikuwa sehemu moja tu. Mkufunzi anayemwahidi msichana usalama baada ya miaka kumi ya mkanda mweusi, na yule anayemwahidi huohuo baada ya mwaka mmoja ulingoni, wote wanapaswa kuyasoma matokeo hayo.

Upande wa afya, jina la sanaa lina uzito mdogo kuliko mwalimu. Mapigano ya mseto yakifanywa bila ngumi za kichwa ni mazoezi bora ya moyo na misuli. Yakifanywa kama ya mabingwa, ubongo hulipa. Judo, ambayo hutafsiriwa kuwa njia ya upole, haina kinga kwa sababu ya jina lake. Nchini Japani zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo ya shuleni kati ya mwaka 1983 na 2011, wengi kwa majeraha ya kichwa. Hofu hiyo ilizuka upya serikali ilipoyafanya mafunzo ya budo kuwa ya lazima katika shule za kati mwaka 2012. Kwa mtu wa makamo asiyetafuta medali, somo lenye faida kuliko yote huenda ni lile la kwanza kabisa la Kano, la kuanguka bila kuumia. Watu huteleza mara nyingi zaidi kuliko wanavyovamiwa.

Kusudi la tatu, malezi, halipimwi kwa saa ya mwamuzi. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alitenganishwa na jamaa zake na vita akiwa mtoto, akafikishwa Kinshasa, na huko katika kituo cha watoto akaanza judo. Mwaka 2013 yeye na Yolande Mabika, naye wa Bukavu, walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia wakabaki huko kama wakimbizi. Walifundishwa na Geraldo Bernardes katika mji uleule ambao Kimura na Hélio Gracie walipambana. Mwaka 2016 wote wawili walishiriki Olimpiki ya Rio katika kikosi cha kwanza cha wakimbizi, na Misenga alimshinda Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia. Mwaka 2021 aliingia tena ulingoni, safari hii mjini Tokyo, ndani ya Nippon Budokan, ambako Inoki aliwahi kulala chali mbele ya Ali. Alishindwa katika pambano la kwanza, akainama kwa heshima mbele ya mpinzani wake kama sheria inavyotaka, akatoka.