Kisanduku cha Mawimbi na Jibu la 378

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mlio madarasani hivi sasa, mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike juu ya historia, bila shaka alitegemea habari za mabweni, michezo na walimu waliotulea. Nimeona nieleze historia ya kisanduku cha bati kilichokuwa juu ya rafu ya maabara ya Fizikia, kwa sababu kisanduku hicho kina deni langu ambalo sijalilipa hadi leo.

Namaanisha jenereta ya mawimbi. Hii si ile jenereta ya dizeli iliyokuwa ikiunguruma nyuma ya bweni saa za prepo. Hiki ni chombo kidogo kinachotoa umeme unaopanda na kushuka mara nyingi katika sekunde moja, na mtumiaji huchagua idadi ya mitetemo hiyo kwa kuzungusha kitasa chenye mshale. Umeme huo ukipelekwa kwenye spika, tunasikia sauti moja isiyobadilika. Ukiingizwa katika redio iliyoharibika, fundi huufuata hatua kwa hatua mpaka aone umepotelea wapi. Kwa hiyo jenereta ya mawimbi ni chombo cha kuvipimia vyombo vingine.

Mwaka 2000, nikiwa Kidato cha Sita, tulipewa zoezi la kutafuta mwendo wa sauti hewani. Spika iliwekwa juu ya mdomo wa bomba lenye maji, mshale wa jenereta ukawekwa kwenye 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, au hezi 500. Kazi yetu ilikuwa kushusha maji polepole mpaka bomba livume, kuandika urefu wa hewa iliyo juu ya maji, kisha kuendelea kushusha mpaka livume mara ya pili. Tofauti ya urefu huo wa mara mbili ni nusu ya urefu wa wimbi moja. Ukiizidisha mara mbili, kisha mara idadi ya mitetemo, unapata mwendo wa sauti.

Bomba letu lilivuma kwenye sentimita 17.9, kisha 55.7. Hesabu ikatoa mita 378 kwa sekunde. Kitabu kilisema karibu 340. Sisi wengi tukatazamana, tukafanya hesabu kinyumenyume, tukaandika 16 na 50 kana kwamba ndivyo tulivyoona. Mwenzetu mmoja tu, ambaye kwa heshima sitamtaja jina, aliandika alichokiona. Daftari lake likarudi na wino mwekundu: "Rudia." Sisi tulipata alama zetu. Kwa wiki nzima bweni lilimwita Bwana 378, na nakiri kwamba sauti yangu ilikuwamo.

Alirudia jioni ile, akarudia na kesho yake, jibu likawa lile lile. Jioni ya tatu alimwendea mwalimu akasema, "Shikamoo Mwalimu. Naomba ule uma wa sauti ulio kabatini." Hakuomba kuhurumiwa. Aliomba shahidi wa pili.

Uma wa sauti ni kifaa cha chuma chenye meno mawili, na ni mkongwe kuliko umeme wa majumbani. Ulibuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa ufalme wa Uingereza, ili wanamuziki wapate sauti moja ya kuanzia. Ukigongwa hutetema kwa idadi ile ile, wala hauna kitasa cha kulegea. Mwaka 1834 Johann Scheibler, mfanyabiashara wa hariri wa mji wa Krefeld huko Ujerumani, aliutumia kwa namna iliyowashangaza wataalamu. Alijua kwamba sauti mbili zinazokaribiana zikilia pamoja, sikio husikia mvumo mmoja unaopanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Zikiachana kwa mitetemo minne, pumzi hizo ni nne kwa sekunde; zikilingana, pumzi hutoweka kabisa. Kwa kuhesabu pumzi hizo Scheibler aliweza kuupima kila uma kwa jirani yake. Alikuwa na sikio, saa na subira tu.

Tuliokuwa maabara jioni ile tuliona jambo lile lile. Uma wa hezi 512 uliposhikwa juu ya bomba, bomba lilivuma kwenye sentimita 16.0 na 50.0, na hesabu ikatoa mita 348 kwa sekunde. Chumba kilikuwa na joto la nyuzi 28, na kwa joto hilo 348 ndilo jibu sahihi hasa. Kumbe hata ile 340 yetu ya kitabuni ilikuwa ya mahali penye baridi. Kisha mwalimu akawasha jenereta, akagonga uma, akazungusha kitasa taratibu. Pumzi za sauti zikapungua, zikawa ndefu, zikakoma. Mshale ulikuwa umesimama kwenye 556. Akajaribu uma wa hezi 256, mshale ukasimama kwenye 278. Kosa lilikuwa la uwiano mmoja. Tulipoambiwa 500, kisanduku kilikuwa kikitoa 460 tu.

Ili tuelewe kosa lile lilitoka wapi, yafaa tujue kisanduku chenyewe kilivyozaliwa. Heinrich Hertz, ambaye jina lake ndilo tunalolitumia kuhesabia mitetemo, alionyesha mawimbi ya umeme huko Karlsruhe kati ya mwaka 1886 na 1888 kwa cheche zilizoruka kati ya vyuma. Mwaka 1891 Mjerumani mwingine, Max Wien, alibuni saketi ya rezista na kapasita ambayo baadaye ikawa moyo wa jenereta nyingi. Tatizo lilikuwa kudhibiti nguvu ya mawimbi. Saketi ya namna hiyo ikizidishiwa nguvu, wimbi huharibika umbo. Ikipunguziwa, wimbi hufa.

Jibu lilipatikana kwa William Hewlett, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Katika tasnifu yake ya mwaka 1939 alieleza jinsi ya kuweka taa ndogo ya kawaida ndani ya saketi. Wimbi likizidi nguvu, uzi wa taa hupata moto, ukinzani wake hupanda, na nguvu hujipunguza yenyewe. Wimbi likififia, uzi hupoa na nguvu hurudi. Hewlett na rafiki yake David Packard walivitengeneza vyombo hivyo katika banda la gari huko Palo Alto, wakaviuza kwa dola 54.40 kimoja. Kampuni ya filamu ya Walt Disney ilinunua vinane vya toleo lililofuata kwa ajili ya mitambo ya sauti ya filamu ya Fantasia, iliyotoka mwaka 1940.

Lakini angalieni, taa ile hulinda nguvu ya wimbi tu. Idadi ya mitetemo huamuliwa na rezista na kapasita, na namba tunayoisoma imechorwa kwenye uso wa chombo. Kati ya saketi na mchoro kuna kitasa, na kitasa kimeshikwa na skrubu. Mwalimu alipokishika kitasa chetu, kilicheza. Skrubu ililegea, mshale ukateleza, na kisanduku kikaendelea kutoa wimbi zuri kabisa lenye jina la uongo. Nyani haoni kundule. Chombo hakiwezi kujikosoa chenyewe. Mwalimu alizungusha kitasa mpaka sauti ikalingana na uma wa 512, akauhamisha mshale kwenye 512, akakaza skrubu, kisha akahakiki kwa uma wa 256 na wa 384. Kazi haikuchukua dakika 20.

Mtauliza, na uma wenyewe ulipimwa na nani? Swali hilo ndilo lililowasumbua mafundi wa dunia nzima. Mwaka 1857 Mfaransa Jules Lissajous alifunga vioo kwenye uma wa sauti, akaakisi mwanga ukutani, akalinganisha mitetemo kwa macho badala ya masikio. Michoro yake ndiyo tunayoiona katika osiloskopu tukilinganisha jenereta mbili. Kuanzia mwaka 1923 kituo cha redio cha WWV cha Marekani kilirusha mawimbi ya kiwango maalumu ili kila fundi mwenye redio alinganishe chombo chake na kile cha taifa. Mwaka 1927 Warren Marrison na mwenzake walitengeneza saa ya kwanza ya kwatzi. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry wa Uingereza wakafanikiwa kutumia atomi za siziamu, na mwaka 1967 mataifa yakakubaliana kwamba sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomi hiyo. Mnyororo wa vipimo huishia hapo. Hapa kwetu Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa mwaka 1975, nalo lina maabara ya ugezi, yaani kazi ya kuhakiki vyombo vya kupimia, ili mnyororo huo ufike viwandani na hospitalini.

Kwenu wanafunzi nina nasaha chache. Jibu likipingana na kitabu, msikimbilie kulaumu saketi, wala msikimbilie kufuta. Kwanza angalieni waya na plagi, kisha shikeni kitasa muone kama kinacheza. Acheni chombo kipate joto kwa nusu saa kabla ya kukiamini. Kilinganisheni na kingine katika sehemu zaidi ya moja ya kipimo, maana kosa la mahali pamoja lina dawa yake, na kosa la kote lina dawa yake. Kikishanyooshwa, kibandikeni karatasi yenye tarehe na jina la aliyekihakiki. Wimbi likitoweka kabisa katika chombo cha kizamani, tazameni ile taa ndogo. Ikikatika, kisanduku hunyamaza.

Mimi sikuwa fundi. Baada ya chuo kikuu niliingia utumishi wa umma, na siku zangu zinapita kati ya majalada na taarifa zilizojaa takwimu. Mara nyingi naletewa takwimu nzuri mno, zinazolingana na matarajio kwa kila safu. Hapo hukumbuka 16 na 50 zangu, nikauliza nani alipima, kwa chombo gani, na chombo hicho kilihakikiwa lini. Swali hilo halinipatii marafiki wengi.

Siku ile mwalimu alimrudishia mwenzetu daftari, akafuta neno "Rudia" kwa mkono wake, akamwomba radhi mbele ya darasa. Kisha akatuuliza sisi wengine, "Nani mwingine aliona 378?" Chombo kilikuwa kimoja, bomba moja, hewa moja, alijua kabisa kwamba wote tuliiona. Hakuna aliyeinua mkono. Nami sikuinua.

Bwana 378, kama jarida hili limekufikia, nauinua leo.