Kupima Tonge: Utafiti wa Chakula na Afya Mwambaoni mwa Ziwa Viktoria

Swali kama kupunguza wanga kunaleta afya ni la zamani nchini Kenya. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ulinganisho wa Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na kunde. Wanaume wa Kimaasai walionekana warefu, wazito na wenye nguvu zaidi. Lakini jamii hizo zilitofautiana pia kwa nasaba, kazi, maradhi na ardhi, hivyo chakula peke yake hakingeweza kubebeshwa tofauti yote ile.

Mwambao wa ziwa ulileta mbinu bora. Katika miaka ya 1980 kundi la watafiti, wakiwemo Neil Poulter na Peter Sever, liliwafuatilia Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa, likiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Vipimo vilirudiwa kwa muda wa hadi miaka 2. Matokeo yalitoka mwaka 1990: shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi, na katika mkojo wao sodiamu ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu. Hapa nasaba ilikuwa moja, na chumvi ilipimwa badala ya kuulizwa tu. Hata hivyo, mhamiaji hubadili mengi kwa pamoja, na aliyehama hakuchaguliwa kwa kura.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu 1,459 miongoni mwa Waluo, Wakamba na Wamaasai. Kisukari kilikuwa asilimia 2.2 vijijini na 12.2 mjini. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini upimaji wa mara moja hauonyeshi kipi kilitangulia kipi.

Wanga ni mgumu kupima kuliko chumvi. Katika nyumba nyingi za ziwani ugali hutengwa kwenye sahani moja. Kila mlaji humega tonge na kulichovya kwenye mchuzi wa ngege au omena. Akiulizwa kesho yake, atataja kitoweo, si idadi ya matonge. Unga nao huweza kuwa wa mahindi, mtama au mhogo, kulingana na msimu na mfuko. Ndiyo maana utafiti makini hupima ugali kabla na baada ya mlo, hurudi msimu mwingine, na hueleza kilichoshika nafasi ya wanga uliopunguzwa. Aliyeongeza samaki na aliyeongeza mafuta ya kukaangia wote wamepunguza ugali, lakini hawali mlo mmoja.