Geto, Ciao na Ushanga: Safari Yangu ya Kwanza Venice Inaanzia Hapa Kenya

Ukimwambia mtu unaweka akiba ya kwenda Venice, swali ni moja tu: utapanda gondola? Na simlaumu. Video za huko ni zile zile. Gondola, njiwa wa San Marco, aiskrimu, halafu mtu amesimama darajani akijifanya hajui anapigwa picha. Siku mbili, picha mia tatu, kwisha.

Mimi nimepanga yangu tofauti. Hii itakuwa safari yangu ya kwanza Ulaya, pesa zenyewe nazitolea jasho, na sitaki kwenda kushangaa majumba kama mtu asiyehusika. Maoni yangu ni haya: Mkenya akifika Venice si mgeni kabisa. Kuna maneno ya mji ule yako mdomoni mwako sasa hivi, na kuna kitu cha mji ule ambacho huenda babu zetu walikivaa shingoni. Twende kituo kwa kituo, vile ratiba yangu ilivyo.

Kituo cha kwanza: San Marco, na ile safari ya Malindi

Venice imekaa juu ya visiwa zaidi ya 100 ndani ya maji ya chumvi yenye kina kifupi, pembeni mwa Bahari ya Adriatic. Nyumba zimejengwa juu ya magogo yaliyopigwa ndani ya matope. Hakuna mashamba ya maana, hakuna migodi. Sasa jiulize, watu wanaoishi juu ya matope walitoa wapi pesa za majumba ya marumaru?

Sehemu kubwa ya jibu ni pilipili manga. Viungo vilitoka India, vikapanda Bahari ya Shamu hadi Misri, na pale Alexandria Waveneti walikuwa wanasubiri. Walinunua, wakapakia, wakauzia Ulaya nzima kwa bei waliyotaka wao. Kwa lugha ya mtaa, Venice ilikuwa broka. Broka mkubwa kuliko wote.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika pwani yetu. Mombasa mambo hayakumwendea vizuri. Malindi mfalme alimkaribisha, akampa rubani. Si rubani wa ndege, ni yule mjuzi wa kuongoza chombo baharini. Kabla mwezi haujaisha, Wareno walikuwa wanaona pwani ya India. Yaani sasa Ureno ingeweza kujichotea pilipili kule kule inakotoka, bila kumpitia broka.

Habari zilipofika Venice, wafanyabiashara waliingiwa na baridi. Kusema ukweli mji haukuanguka siku hiyo. Katikati ya karne ya 16 biashara yao ya viungo ilifufuka tena kwa miongo kadhaa, hadi Waholanzi na Waingereza walipokuja kukaza kamba karne iliyofuata. Jamhuri yenyewe, iliyodumu zaidi ya miaka 1,000, ilizimwa na Napoleon mwaka 1797. Lakini ufa wa mwanzo ulipitia Malindi. Leo nguzo ya Vasco da Gama bado iko pale ufukweni, na Malindi hiyo hiyo imejaa Waitalia na pizza kila kona. Historia nayo ina utani wake.

Pale pale kwenye uwanja wa San Marco, ukiingia makumbusho ya Correr unapita hadi maktaba ya Marciana. Humo kuna ramani ya dunia ya mtawa anayeitwa Fra Mauro, aliyoichora karibu mwaka 1450. Kusini iko juu. Afrika imekaa juu, Ulaya iko chini. Na bara letu amelizungushia bahari upande wa kusini, karibu miaka 40 kabla ya meli ya Mreno yeyote kuzunguka rasi ile. Alijuaje? Aliuliza watu waliojua. Habari za Ethiopia, kwa mfano, alizipata kwa watawa wa Ethiopia wenyewe. Hiyo ramani nitaisimamia nusu saa, wacha watu wanione mshamba.

Kituo cha pili: Geto ya kwanza duniani

Unajua ukisema "niko geto" unaongea lugha ya Venice? Sisemi kwa kutafuta sifa. Mwaka 1516 serikali ya Venice iliamua Wayahudi wote wa mji wakae kisiwa kimoja kidogo mtaa wa Cannaregio. Zamani pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba, na kwa lugha yao kiwanda hicho kiliitwa geto. Jina likaganda kwa mtaa, kisha likazunguka dunia nzima hadi likafika Eastlands.

Usiku milango ilifungwa, na walinzi waliwekwa. Mishahara ya walinzi hao ililipwa na Wayahudi wenyewe. Soma tena hapo: unafungiwa, halafu unamlipa anayekufungia. Watu walipoongezeka na nafasi ikabaki ile ile, nyumba zikapanda juu, vyumba vya dari fupi kimoja juu ya kingine. Hadi leo majengo ya pale ni marefu kuliko majirani zake. Mtu wa Pipeline au Huruma akiyaona, hatahitaji mtu wa kumfafanulia.

Milango iling'olewa mwaka 1797, jeshi la Napoleon lilipoingia. Watu wengi humaliza Venice yote bila kufika pale, na ni mwendo wa dakika chache tu kutoka stesheni ya treni.

Kituo cha tatu: Ciao, na wale wanaume wanne

Ciao nayo ni yao. Ilianza kama neno la Kiveneti lenye maana ya mtumwa: "mimi ni mtumwa wako", vile mtu wa adabu angesema niko chini ya miguu yako. Na neno hilo la mtumwa lilitokana na jina la Waslavi, kwa sababu Venice iliuza watu pia, na wengi walitoka upande wa Waslavi na Bahari Nyeusi. Waafrika nao walifika mjini humo wakiwa watumwa. Kuna mchoro wa Carpaccio wa miaka ya 1490, uko kwenye jumba la Accademia, unaoonyesha daraja la Rialto la wakati huo. Angalia majini. Mmoja wa wapiga makasia wa gondola ni kijana Mweusi, amevaa akapendeza. Kwa hiyo ukiniuliza habari ya gondola, swali langu la kwanza ni nani alikuwa anaipiga kasia.

Kisha ingia kanisa la Frari. Kuna kaburi la Doge Giovanni Pesaro, la mwaka 1669. Doge ndiye alikuwa mtawala wao wa kuchaguliwa. Kaburi hilo limebebwa mabegani na wanaume wanne Weusi wa mawe, wakubwa kuliko binadamu. Nguo zao ni marumaru nyeupe iliyochanika, na kwenye matundu unaona ngozi ya marumaru nyeusi. Wageni huwa wanapita wakitafuta mchoro wa Titian ulio mbele. Mimi nitasimama pale kwa wanne. Hata kwenye kaburi la mtu mwingine, wao ndio wamebeba mzigo.

Kituo cha nne: Murano, kisiwa cha ushanga

Hapa ndipo nimetenga siku nzima. Mwaka 1291 Venice iliamuru matanuru ya kioo yahamishiwe kisiwa cha Murano, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa za mbao na moto ungeumaliza mji. Kutoka huko, karne baada ya karne, zikatoka shanga.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: fundi anachukua donge la kioo cha moto lenye tundu katikati, mwenzake analishika upande wa pili, halafu wanaachana mbio kila mmoja kwake. Donge linavutika linakuwa mrija mrefu mwembamba, na tundu linabaki ndani. Mrija unakatwa vipande vidogo vidogo, vinazungushwa kwenye joto hadi makali yaishe. Baadaye wanawake maskini wa Venice walikaa milangoni kwao na trei ya mbao mapajani, sindano ndefu zimepangwa kama feni mkononi, wakizitunga. Malipo yalikuwa duni, na mwaka 1904 wakagoma.

Shanga hizo zilifika Zanzibar, zikapanda na misafara hadi bara. Richard Burton, aliyepita huku miaka ya 1850, alitaja karibu aina 400 za ushanga sokoni. Na hapa kuna kitu hatufundishwi: aliyeamua mtindo ni mnunuzi wa Kiafrika. Jamii moja ilitaka nyekundu, nyingine buluu, na msimu ukibadilika rangi ya mwaka jana ni takataka. Mfanyabiashara aliyebeba rangi mbaya alirudi na mzigo wake. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson, akielekea nchi ya Wamaasai, alilazimika kutulia Taveta watu wake wazitunge shanga upya kwa urefu ambao Wamaasai wangekubali. Babu zetu hawakuwa watu wa kudanganywa na vitu vya kung'aa. Walikuwa wateja wagumu.

Lakini nisipake rangi. Shanga zile zile zililipia pembe za ndovu, na zililipia watu. Kioo kikabaki huku, utajiri ukaenda. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nataka kusimama mbele ya lile tanuru.

Mtu ataniuliza, kwa hiyo ushanga wa Kimaasai si wetu? Ni wetu. Kioo ni chao. Hata leo shanga nyingi tunazotumia zinatoka Czech na China. Lakini hakuna mtu wa Murano aliyejua rangi ipi inavaliwa na bibi harusi na ipi ni ya moran. Maana tuliiweka sisi. Kitu kinakuwa chako pale unapokipa lugha yako.

Tuongee pesa

Viza ya Schengen ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi, kwa hivyo panga karatasi zako mapema. Gondola ya mchana ni yuro 90 kwa nusu saa. Mimi nitavuka mfereji mkuu kwa traghetto, gondola ya kuvushia watu, yuro 2, na nitakuwa nimepanda. Boti ya umma ni yuro 9.50 kwa dakika 75, kwa hivyo pasi ya siku nzima ina akili zaidi. Murano ni boti ya namba 4.1 au 4.2.

Na tafadhali, lala pale. Mwaka 1951 mji wa zamani ulikuwa na watu kama 175,000. Leo hawafiki 50,000, kwa sababu nyumba zimegeuzwa za wageni na maisha yamepanda. Tangu 2024 wageni wa kuingia na kutoka siku moja hutozwa ada ya kiingilio siku zenye msongamano, ilianza na yuro 5. Mji unaolipisha mlangoni uko karibu kugeuka makumbusho. Ukilala, ukala kwa mama wa mtaani, pesa yako inafikia mtu.

Hiyo ndiyo ratiba yangu: ramani, geto, wanaume wanne, tanuru. Picha nitapiga, si nimekuambia mimi ni mtengeneza video. Ila ya kwanza nitapigia Murano, na mkononi nitakuwa nimevaa bangili ya ushanga iliyotungwa Kajiado. Wewe ungeanzia kituo gani?